Kutafuta kikundi cha kuacha pombe, na kuingia bila kugeuzia mlangoni

Kwenye kikundi chetu hapa Mombasa mimi ndo wa kufungua mlango na kupanga viti, kwa hivyo kuna kitu naona ambacho wenzangu walioko ndani hawakioni. Naona mtu kasimama ng'ambo ya barabara simu sikioni, haongei na yeyote, anapita mbele ya geti, anarudi, anajifanya anasoma kibao cha duka la jirani, anapita tena. Wengine huingia. Wengine husimamisha tuktuk wakaenda zao. Na wale walioingia ukija kukaa nao baadaye mkaongea wanakwambia si pombe iliyokuwa imewashika pale nje, ni kutojua tu: ndani kuna nini, nani ataniona, ntaulizwa maswali gani, kuna kulipa au hakuna, na je kama ni mambo ya kanisa na mimi ni Muislamu. Basi ntayaeleza moja moja, na kwa vile niko Pwani ya Kenya mifano mingi ni ya huku, ila ukiwa Nairobi au Dar au Unguja mambo hayapishani sana.

Kama unakunywa kila siku, anza na daktari

Hili nalitanguliza makusudi manake watu wanaona kuacha pombe ni ushujaa, unajifungia siku tatu unatoka msafi. Kwa mtu wa wikendi sawa. Lakini kama ukiamka mikono inatetemeka mpaka utie kitu mdomoni ndo itulie, yaani ile kutoa lock imeshakuwa dawa ya kila asubuhi, usikate ghafla ukiwa peke yako nyumbani. Mwili uliozoea pombe ukinyimwa kwa ghafla unakugeuka: masaa ya kwanza jasho, kutetemeka, kutapika, moyo kwenda mbio, usingizi hauji, ndani ya siku mbili za mwanzo mtu anaweza kuanguka na degedege hata kama hajawahi kuwa na kifafa, na kuanzia siku ya pili mpaka ya nne hivi kuna wanaoanza kuona vitu ambavyo havipo, wadudu ukutani, watu wanaowaita, joto limepanda, hajui hata yuko wapi. Hiyo ya mwisho inaua. Na nyumbani mara nyingi wanasema ni mashetani, anatafutwa mtu wa kumsomea huku masaa yanakwenda, na alichokuwa anahitaji ni kitanda cha hospitali na dripu. Dua sikatazi, asomewe akiwa wodini.

Tahadhari hii ni zaidi kwa wale wetu wanaongoja kuvunja jungu, wanakunywa kama dunia inaisha kesho, alafu Ramadhani mosi wamekata kila kitu pamoja na maji. Ukimwona mwenzio chungu la kwanza au la pili, yaani siku ya kwanza au ya pili ya mfungo, anatetemeka na anaongea yasiyoeleweka, hiyo si njaa ya saumu.

Kwa hivyo nenda hospitali ya kaunti, kwa hapa ni Hospitali Kuu ya Pwani ambayo wengi bado tunaiita Makadara, Nairobi kuna Mathari, na ukifika taja kiasi chako cha kweli, kama ni kota sema kota na kama ni mzinga sema mzinga, usipunguze kwa aibu manake matibabu yanapangwa kwa hicho unachokitaja. Kwa kawaida unapewa dawa za kutuliza kwa siku chache zinapunguzwa taratibu, na vitamini B1, kwa sababu mnywaji wa miaka mingi huwa imemwishia mwilini na kukosa kwake kunaweza kuharibu ubongo, kumbukumbu zikapotea moja kwa moja. Usijipeleke kwa chemist ukanunua tembe za usingizi ujitibu, zile zikikutana na pombe mtu analala pumzi ikakata.

Si lazima umalize hospitali ndo uje kikundini. Wiki moja hiyo hiyo unaweza kufanya yote mawili, na daktari mwenyewe ukimuuliza anaweza kukutajia kikundi.

Vinapatikana wapi

Kenya njia fupi ni kupiga 1192, namba ya NACADA, bure, mchana na usiku. NACADA ni ya serikali, inashughulika na pombe na dawa za kulevya, na wengi hawapigi wakidhani watatumiwa askari. Anayepokea ni mshauri. Mwambie hivi: niko Kisauni, au popote ulipo, natafuta kikundi cha kuacha pombe, si kituo cha kulala, nataka cha kwenda na kurudi nyumbani. Hayo maneno ya mwisho usiyasahau, ukiyaacha unaweza kuishia kutajiwa vituo vya kulazwa miezi mitatu na bei zake zikakutisha ukakata simu. Tanzania kuna 119 ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, nayo ni bure.

Jina utakalolisikia sana ni AA, kirefu chake Alcoholics Anonymous. Ilianza 1935 mji wa Akron kule Ohio, Marekani, na waanzilishi walikuwa walevi wawili, mmoja mtu wa masoko ya hisa na mwengine daktari wa upasuaji, waliogundua kwamba wakikaa wakaongea wao kwa wao kiu inapungua kuliko wakihubiriwa na mtu ambaye hajawahi kulewa. Sasa iko nchi kama 180. Haina ada, haina kadi, na sharti la kuingia ni moja tu, uwe na hamu ya kuacha kunywa. Sikiza vizuri hapo, hamu. Si uwe umeshaacha.

Alafu kuna NA, Narcotics Anonymous, iliyoanza California 1953, ya watu wa dawa za kulevya. Huku Pwani naitaja kwa sababu maalumu: unga, yaani heroini, umetuumiza sana toka Lamu, Malindi, Mombasa mpaka Unguja, kwa hivyo mitaa mingi utasikia habari za NA kabla hujasikia za AA, na mtu wa pombe anasema ah, mimi si teja, pale si pangu. Ni pako. Kwa NA pombe nayo ni dawa ya kulevya kama nyengine, na mlevi wa mnazi anakaa kiti kimoja na aliyekuwa anajidunga. Mimi nadhani kwa mtu wa Pwani ni bora NA ya mtaa wa pili kila wiki kuliko AA ya mji mwengine unayoenda mara moja ukachoka. Unguja nako kuna soba hausi nyingi, zile nyumba za kukaa watu wanaoacha dawa za kulevya, na hata kama hutaki kulala pale nenda ukaulize mikutano yao iliyo wazi kwa watu wa nje ni siku gani.

Sehemu nyengine za kuulizia: kliniki ya afya ya akili ya hospitali ya serikali, vituo vya kurekebisha tabia (muulize mlinzi getini, mara nyingi ndo anajua ratiba kuliko ofisi), ofisi ya parokia, na washauri nasaha. AA wana programu ya simu inaitwa Meeting Guide, unaipakua bure inakuonyesha mikutano iliyo karibu, lakini si kila kikundi kimo, ukikuta ramani tupu usidhani kwenu hakuna.

Na kila utakachokipata, piga simu au tuma ujumbe kwanza kabla hujapanda gari. Vikundi vinahama, ukumbi unafungwa, Disemba watu wameenda mashambani, na hakuna kitu kibaya kama mtu kujikaza wiki nzima akafika akakuta kufuli, huyo harudi. Ukipiga uliza: ni leo kweli na ni saa ngapi, ni mkutano wa wazi au ni wa wenyewe tu, mnaongea Kiswahili au Kiingereza, geti ni lipi na nikifika nimuulize nani. Wa wazi maana yake hata mkeo au nduguyo anaweza kukusindikiza akakaa. Wa wenyewe ni wa watu wenye shida ya pombe peke yao. Lugha isikutishe, karatasi zinazosomwa huwa mara nyingi ni za Kiingereza lakini watu wakianza kuongea wanachanganya kama kawaida yetu.

Chagua kwa saa na kwa njia

Watu huniuliza kikundi kipi kizuri. Mimi nawauliza wao saa zako za kunywa ni ngapi, na ukitoka kazini unapita wapi. Kikundi kizuri kwako ni kile kinachokaa saa ile ile ambayo ungekuwa baa, na njia ya kwenda haipiti mbele ya baa hiyo. Mengine yote, sijui wasomi, sijui wazee, sijui chai tamu, ni ya baadaye.

Fikiria mwenyewe. Ile sheria ya Kenya ya 2010 ya kudhibiti vileo, tunayoiita ya Mututho, inasema baa siku za kazi zifunguliwe saa kumi na moja jioni mpaka saa tano usiku, wikendi na sikukuu kuanzia saa nane mchana. Najua kuna zinazofungua mlango wa nyuma asubuhi na mangweni, kwa wauza mnazi, hakuna anayeangalia saa, lakini kwa watu wengi wa ajira shida yote inakaa pale kati ya kumi na moja na moja na nusu, umetoka kazini, umechoka, umelipwa, njaa inauma, na marafiki washaanza kupiga. Mkutano wa saa kumi na mbili unaikata hiyo shida katikati. Ukitoka ni saa moja na kitu, una njaa ya kweli, unaenda kula unalala. Mkutano wa Jumamosi saa tatu asubuhi ni mzuri pia, lakini ukiisha bado una siku nzima mbele yako na baa inafunguliwa saa nane, kwa hivyo ukichagua huo panga mchana wako.

Njia nayo. Mtu anakaa Likoni anataka kikundi cha mjini ili majirani wasimuone, nakubali, mwanzo aibu ni kubwa na kwenda mbali kunasaidia kuingia. Ila feri itakwama siku moja, mvua itanyesha, nauli itapanda, na hivyo vyote vitakuwa sababu. Mimi ningesema anza mbali kama ndo utaweza kuingia, ukishazoea tafuta cha karibu uongeze. Nauli ya kwenda na kurudi itenge asubuhi pesa taslimu mfuko mwengine, mtu wetu akiwa na mia mbili mfuko mmoja jioni usimwamini, hata akiwa ni wewe mwenyewe. Kula kitu kabla ya kutoka kazini, hata mahamri mawili, njaa na kiu ya pombe zinafanana sana na wengi hawajui wanachokitaka ni kipi.

Ndani kuna nini

Viti vya plastiki kwa duara au mistari miwili. Thermos ya chai pembeni. Hakuna daftari la kuandika jina wala kitambulisho, hakuna atakayekuuliza unafanya kazi wapi. Jina moja linatosha, na likiwa si lako hakuna wa kulichunguza. Kaa kiti cha karibu na mlango kama kitakupa amani, tunavijua vile viti, tunaviacha makusudi.

Mkutano ni saa moja mpaka saa moja na nusu. Anayeongoza ni mmoja wetu tu, zamu inazunguka, hana cheo. Anafungua kwa kunyamaza kidogo na dua fupi, watu wawili watatu wanapewa karatasi zilizowekwa plastiki wanasoma utangulizi na hatua 12, yaani njia ya kuacha inayofuatwa moja baada ya nyengine, ukipewa na hutaki sema pitisha. Alafu watu wanaanza kuongea, mmoja mmoja, dakika chache. Anasema naitwa fulani, mimi ni mlevi, watu wanamwitikia kwa jina, anaeleza yake. Zamu ikikufikia una ruhusa ya kusema naitwa fulani, leo nasikiza tu. Basi. Inapita. Hilo neno mlevi halilazimishwi, kuna waliokaa miezi wakisema jina peke yake.

Sasa kuna jambo linalowachanganya sana watu wa kwetu. Sisi tumezoea baraza, ukitoa shida yako barazani wazee saba wanakujibu, mmoja anakukaripia, mmoja anakupa mfano wa mjomba wake. Hapa ukimaliza kuongea hakuna anayejibu. Wanasema asante, anaingia mwengine na yake, kama vile hawakukusikia. Ni utaratibu, hakuna kukatizana wala kushauriana mkutano ukiendelea, na sababu yake utaielewa siku utakaposema jambo ambalo hujawahi kumwambia mtu na hakuna aliyekurukia. Ushauri upo, unakuja baadaye nje mkishika vikombe.

Katikati kinapita kikapu. Ni cha kodi ya ukumbi na chai, vikundi hivi havipokei pesa za nje, na mgeni hategemewi kutoa kitu, kipitishe kwa mwenzio bila kujitetea. Kikundi kikikudai ada ya kujiunga jua hicho si AA wala NA. Vikundi vingi hutoa visarafu vya kuhesabia muda uliokaa bila kunywa, cha masaa 24, cha mwezi, cha mwaka, na usishangae ukaona mtu mzima na ndevu zake anapokea cha masaa 24 mkono unatetemeka na watu wanampigia makofi kuliko yule wa miaka kumi.

Ukimkuta humo unayemjua, na Mombasa utamkuta, mji huu mdogo, labda ni mwalimu wa mwanao au shemeji yako, kumbuka kwamba na yeye amekukuta. Yuko pale kwa lile lile lililokuleta. Linalosemwa ndani linabaki ndani, na mkikutana sokoni mnasalimiana kama siku zote, hakuna wa kusema mbona Alhamisi hukuja.

Umelewa siku ya mkutano? Njoo. Utaombwa usiongee siku hiyo, ukae usikize, na usilete chupa. Mimi mlango siwafungii watu waliolewa, nawafungia wanaoleta fujo tu.

Mkutano ukiisha usikimbie. Kama una uwezo wa kufanya jambo moja tu siku hiyo, baki dakika kumi uombe namba mbili za simu, za watu wa jinsia yako. Kisha piga moja kesho yake hata kama huna la kusema, kwa sababu siku kiu itakapokuja saa nne usiku utakuwa huwezi kupiga namba ya mtu ambaye hujawahi kuongea naye, ila uliyeongea naye juu ya mpira unaweza.

Na mkutano wa kwanza ukiuona wa ajabu, ni kawaida. Jaribu mikutano kama sita, na kama inawezekana ya vikundi tofauti, ndo useme haikufai. Kuna kikundi cha wazee wanaoongea mambo ya zamani tu, kuna cha vijana, kuna kilichopoa, hivyo ni vikundi, si njia yenyewe. Utasikia pia watu wakisema mikutano 90 siku 90, hayo ni maneno ya miji yenye mkutano kila kona, huku kama kikundi ni mara moja kwa wiki jazia na ya mtandaoni na simu.

Habari ya dini

Mikutano mingi iko kumbi za makanisa. Ni kwa sababu kanisa lina ukumbi wenye viti na linaupangisha kwa bei nafuu, si kwamba ni ibada. Hatua zinamtaja Mungu, lakini zinasema Mungu kama wewe unavyomwelewa, Muislamu anakuja na wake, Mkristo na wake, na wapo wasio na dini wanaosema nguvu yangu ni hiki kikundi. Ile dua ya kumwomba Mungu utulivu wa kukubali usiyoweza kubadilisha na ujasiri wa kubadilisha unayoweza sijaona pahali inapogongana na imani yetu. Kama Magharibi inaingia katikati ya mkutano toka ukaswali urudi, kiti chako hakichukuliwi. Asiyetaka kabisa kusikia Mungu akitajwa atafute SMART Recovery mtandaoni, hao wanatumia mambo ya saikolojia. Na anayetaka kanisa moja kwa moja, Celebrate Recovery ni ya kanisa na haijifichi.

Dada zetu

Mwanamke anayekunywa kwetu anajificha mara mbili, anatukanwa kwa pombe alafu anatukanwa kwa kuwa mama. Wengi wanakunywa chumbani. Ukipiga simu uliza kama kuna mkutano wa wanawake peke yao, na kama haupo uliza kuna wanawake wangapi huja, kisha uombe kuongea na mmoja wao kabla ya siku, akungoje getini. Wapo watakaokubali. Na nikwambie wazi, kuna wanaume wanakuja vikundini kutafuta wageni walio dhaifu. Namba zako wape wanawake, na mwanaume anayejitolea kukurudisha nyumbani siku ya kwanza mwambie una usafiri. Hata wewe mwanaume, mwaka wa kwanza mapenzi mapya ya kikundini yaache, yakivunjika huwa mnavunjika na pombe inarudi kwa wote wawili.

Sponsa ni nani

Baada ya wiki kadhaa utasikia tafuta sponsa. Ni mtu aliyekutangulia, amekaa bila kunywa mwaka au zaidi, anayekupitisha hatua moja moja na unayempigia. Mchague wa jinsia yako, na mchague kwa vile anavyoishi zaidi ya vile anavyoongea, kuna wasemaji wazuri mno mikutanoni. Si mkopeshaji, si wakili, si wa kukutafutia kazi. Mkianza kukopeshana tu, siku ya kulipa ikifika hutaenda kikundini kwa kumkwepa, na ukisharuka mikutano miwili unajua unakoelekea. Ukiona hamuendani badilisha, hakuna kinyongo.

Ukianguka ukanywa, rudi mkutano unaofuata ule ule, usingoje upate nafuu wala usingoje mwezi uishe. Hutafukuzwa wala hutasomewa hesabu. Unasema nilikunywa, unachukua kisarafu cha masaa 24, unakaa.

Kwa mama, mke na ndugu

Huwezi kumlazimisha mtu kuingia na akafaidika kwa lazima hiyo, lakini na nyinyi mna kikundi chenu, kinaitwa Al-Anon, kilianzishwa 1951 kwa ajili ya familia za walevi, mkaongee yenu, na mikutano yake ya mtandaoni ipo mingi. Msindikize mkutano wa wazi kama ameomba, alafu ukirudi nyumbani usimhoji kilichosemwa.

Na tafadhali, zile dawa zinazotangazwa za kumtilia mtu kwenye chai bila yeye kujua aache pombe, usinunue. Ipo dawa ya kweli ya hospitali inayofanya mtu akinywa pombe augue, inaitwa disulfiram, na inatolewa kwa mtu anayejua na aliyekubali, chini ya daktari, kwa sababu akinywa juu yake presha inaweza kushuka na moyo kwenda mbio mpaka akafa. Sasa wewe umemwekea kisirisiri, yeye jioni ameenda mangweni. Na kituo cha kulaza mtu kabla hujalipa omba uone leseni yao ya NACADA, uingie ndani uone wanapolala, kituo kinachokwambia tutamfuata usiku na vijana wanne tumfunge, ondoka.

Kama uko mbali au hakuna kabisa

Mikutano ya Zoom ilishamiri wakati wa korona 2020 na haikuisha, ipo ya kila saa, kamera unaizima, jina unaandika herufi moja. Ni msaada mkubwa kwa walioko kijijini na kwa ndugu zetu walioko Ghuba, hasa nchi ambazo kusema tu una shida ya pombe ni hatari. Ila bandle inaisha, na mtandaoni ni rahisi kuzima simu. Uko Uingereza au Marekani basi hata usihangaike, mikutano iko kila mtaa.

Na kama kwenu hakuna, kwa AA walevi wawili watatu wakikutana ili waache pombe hicho ni kikundi tayari, hakuna kibali wanachongojea. Tafuta chumba, cha zahanati au cha shule baada ya masomo, lipa hata kidogo ili msiwe na deni la fadhila. Chagua siku moja na saa moja, usiibadilishe hata ukiombwa. Mwambie daktari wa zahanati na chifu au balozi wa nyumba kumi kwamba kipo, hao ndo wanaokutana na walevi kila siku. Kaa wewe na thermos yako lisaa lizima hata kama hajaja mtu, wiki za mwanzo huenda asije, na anayepita nje akikukuta umefunga mapema hatajaribu tena. Akija wa pili, mpe funguo ya akiba.